Mgeni Anaposema Yuko Sawa

Karatasi ya mtihani niliyoikuta katika chuo kimoja kidogo cha utalii mjini Moshi ilikuwa na kurasa nne. Ukurasa wa kwanza ulitaka sentensi zigeuzwe kutoka kauli ya kutenda kwenda kauli ya kutendwa. Wa pili ulikuwa na kifungu cha habari kuhusu treni za chini ya ardhi za London, na maswali chini yake. Wa tatu ulimtaka mwanafunzi aandike barua ya kumwomba radhi mgeni ambaye bafu lake la hotelini lilikosa maji ya moto. Wa nne ulikuwa wa kuoanisha maneno na maana zake. Hapakuwa na mahali hata pamoja ambapo mwanafunzi alitakiwa kufungua kinywa. Na nusu ya darasa lile walikuwa wapagazi wa Mlima Kilimanjaro waliotaka kupanda cheo wawe waongoza watalii, kazi ambayo mtu huongea tangu getini mpaka kileleni na kurudi.

Matokeo yake yalikuwa yaleyale kila muhula. Vijana waliotoka kidato cha nne juzijuzi walishika nafasi za juu. Wapagazi, ambao wengi waliishia darasa la saba, waliburuza mkia. Si jambo la kushangaza. Katika shule zetu nyingi za msingi Kiingereza ni somo moja kati ya mengi, na masomo mengine yote hufundishwa kwa Kiswahili. Ni sekondari ndiko mtoto anakokutana nacho asubuhi hadi jioni. Lakini ukipanda mlima na darasa hilohilo, mambo yanageuka. Aliyekuwa wa mwisho darasani utamkuta ndani ya hema la chakula anapakua supu huku akitaniana na Wajerumani, akijua nani hali nyama na nani anaogopa panya wa kambini. Aliyekuwa wa kwanza amesimama mlangoni na chupa ya chai, anatabasamu.

Karatasi ile ilipima shule. Kazi haikuigusa.

Nilifundisha Kiingereza cha utalii kwa miaka mingi, na naweza kusema kwamba kufundisha ndiyo ilikuwa sehemu nyepesi. Kazi kubwa ilikuwa kupima, maana kipimo ndicho kinachomwambia mwanafunzi ajifunze nini. Ukimtungia mtihani wa kauli ya kutendwa, atakesha na kauli ya kutendwa, hata kama kila jioni anaingia kazini ambako hakuna mgeni aliyewahi kuiulizia. Unaweza kuhubiri mazungumzo mwaka mzima. Wanafunzi wanajua kusoma nia ya mwalimu kwenye karatasi za mitihani iliyopita, wala hawasikilizi mahubiri.

Tulipoanzisha mtihani wa mazungumzo tukakutana na tatizo ambalo yeyote aliyewahi kuishi Moshi atalitambua. Kila kijana anayetaka kuongoza wageni ana hotuba yake. Inaanza na Johannes Rebmann, mmisionari aliyeiona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848 na wasomi wa Ulaya wakambeza. Inapita kwa Hans Meyer na Ludwig Purtscheller waliofika kileleni Oktoba 1889. Inafika Desemba 1961, Alexander Nyirenda alipousimika Mwenge wa Uhuru juu ya mlima. Inataja Kibo, Mawenzi na Shira, inapanda kutoka msitu wa mvua hadi jangwa la milimani na barafu, na inatua kwenye mita 5,895 kwa sauti ya ushindi. Ni hotuba nzuri, na siidharau. Vijana wameirithi kwa kaka na wajomba zao, pamoja na vichekesho vyake na makosa yake. Nimewahi kusikia mzaha mmoja, umewekwa mahali palepale, umekosewa vilevile, kwa kijana wa Machame na kwa kijana wa Rongai ambao hawakuwa wakifahamiana.

Kwa hiyo watahiniwa waliingia chumbani, wakamwaga hotuba, wakatoka. Tulikuwa tunapima kumbukumbu. Dawa yake ilikuwa rahisi na ya kikatili kidogo: kumkatisha. Tulimpa aliyekaa upande wa mgeni ruhusa ya kuuliza lolote, wakati wowote. Ule mti wenye shina lililojaa manyoya unaitwaje? Mbona yule mpagazi amevaa viatu vilivyopasuka, mnalipwa shilingi ngapi? Choo kiko wapi? Kijana mmoja aliulizwa habari ya choo akiwa katikati ya Rebmann. Aliinua kiganja kwa adabu, akamaliza Rebmann, akaenda kwa Meyer. Watahini tulicheka mpaka tukafuta machozi, kisha tukatazama fomu ya alama na kicheko kikaisha. Kwa matamshi alistahili alama za juu. Kwa sarufi, za juu. Kwa ufasaha, za juu kabisa. Fomu yetu ilisema amefaulu vizuri sana, na mgeni alikuwa bado hajajua choo kiko wapi.

Hapo ndipo nilipokwenda kumwona mzee mmoja wa Marangu, mwongozaji mstaafu, ambaye wapagazi wangu walikuwa wakimtaja kila mara. Nilimwamkia, tukaketi chini ya migomba, nikamuuliza mwongozaji anahitaji Kiingereza gani hasa. Nilitegemea aniambie majina ya ndege na mimea. Akanijibu, "Mwalimu, mgeni akisema hawezi, hiyo kazi ni rahisi, unamrudisha. Kazi ni yule anayesema yuko sawa."

Akanieleza taratibu. Mgeni amelipa fedha nyingi na ametoka mbali. Nyumbani kwao ametangaza kwamba anakwenda kupanda Kilimanjaro, pengine amechangisha na fedha za hisani. Hataki kushushwa. Ukimuuliza hali, atasema nzuri. Ukimuuliza kichwa, atasema kidogo tu. Mwongozaji anayejua kazi hamwachii hapo. Anauliza chakula, anauliza usiku, anauliza ngazi ya mwisho kabla ya kambi alipandaje, mpaka ukweli utoke wenyewe. "Na lazima umuulize kama unapiga soga," alisema. "Ukimuuliza kama polisi anakuficha."

Watu wa mlimani wana chombo cha kazi hiyo, na hicho ndicho nilichorudi nacho darasani. Ni dodoso linaloitwa Lake Louise, ambalo waongozaji wa kampuni makini hulijaza kwa kila mgeni. Linauliza mambo manne: maumivu ya kichwa, tumbo, uchovu, na kizunguzungu. Kila jambo hupewa alama kuanzia 0 hadi 3 kwa kadiri lilivyo kali. Zamani liliuliza na usingizi; marekebisho ya mwaka 2018 yakauondoa. Kichwa kikiwa kinauma na jumla ikafika 3 au zaidi, huyo ameanza kuugua ugonjwa wa mwinuko. Pembeni yake kuna kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni kinachosoma oksijeni ya damu. Kifaa hakihitaji Kiingereza. Dodoso lote ni Kiingereza.

Fikiria ni Kiingereza cha namna gani. Kuna kichwa kilichouma mchana kwa jua kikatulia baada ya maji, na kuna kichwa kinachouma tangu jana na kila saa kinazidi. Kuna uchovu wa kila mtu aliyetembea kutwa nzima, na kuna uchovu wa mtu anayeshindwa kufunga kamba za viatu vyake. Mgeni akianza kupepesuka kama aliyelewa, au kuongea mambo yasiyoeleweka, ubongo umeanza kuvimba. Akihema kwa shida huku amekaa tu, maji yanajaa kwenye mapafu. Hao wanashushwa hapohapo, iwe usiku, iwe mvua. Mgeni hatakuja na maneno ya daktari. Atatumia maneno madogo ya mitaani kwao, maneno ya kupunguza uzito wa jambo, na mwongozaji asiyeyasikia ataandika 0.

Basi mtihani ukawa huu. Meza moja, viti viwili, vikombe vya chai, na ukitaka kunogesha, sahani ya bisi kama ile inayongoja kambini saa kumi jioni. Mwanafunzi anapewa dodoso tupu. Anayeigiza mgeni anapewa kadi ambayo mwanafunzi haioni. Mojawapo ilikuwa hivi: wewe ni mwalimu mstaafu kutoka Uholanzi, kichwa kinakuuma tangu mchana, umetapika mara moja nyuma ya jiwe na hukumwambia mtu, ukiulizwa hali, sema uko sawa, ukiulizwa tena kwa upole, taja kichwa, kutapika usikutaje mpaka uulizwe habari ya chakula au tumbo. Mwanafunzi ana dakika kumi. Akimaliza anatoka, anaingia chumba cha pili alimo mtahini anayeigiza kiongozi mkuu wa msafara, na anatoa ripoti: mgeni ana hali gani, na kesho apande au asipande.

Ripoti hiyo anaitoa kwa Kiswahili.

Jambo hili liliwaudhi wenzangu kuliko yote. Kiswahili ndani ya mtihani wa Kiingereza! Mmoja aliuliza kama muhula ujao tutaleta na Kichaga. Lakini tazama kazi ilivyo. Msaidizi wa kiongozi anasikiliza Kiingereza hemani, anatoka nje kwenye baridi, anamweleza mkuu wake kwa Kiswahili. Uamuzi wa kushusha au kupandisha mtu hufanyika kwa Kiswahili, juu ya maneno yaliyosemwa kwa Kiingereza. Tena, kwa jicho la mtahini, hakuna njia safi zaidi ya kujua mtu amesikia nini. Ukimtaka aeleze kwa Kiingereza na akababaika, hutajua kama hakuelewa au amekosa maneno ya kutolea. Akieleza kwa Kiswahili, lugha aliyokua nayo, kila alichokisikia kinatoka na kila alichokikosa kinaonekana. Baadaye niliona kwamba hata mfumo wa Ulaya wa viwango vya lugha, ule wa A1 hadi C2 uliotolewa na Baraza la Ulaya mwaka 2001, katika toleo lake la nyongeza la mwaka 2020 umetoa nafasi kubwa kwa ujuzi huu wa kupokea maneno katika lugha moja na kuyafikisha kwa mwingine katika lugha nyingine. Wapagazi wa Machame wanaufanya kila jioni bila kuusomea.

Mtihani huu uliwapanga watu upya. Wapo wa kidato cha nne waliouliza maswali manne ya dodoso kama yalivyoandikwa, kwa sarufi isiyo na doa, wakaandika 0, 0, 1, 0, wakashukuru wakatoka. Wapo wapagazi waliouliza kwa vitenzi visivyo na nyakati wala nafsi na wakarudi na kisa chote cha nyuma ya jiwe. Sisemi kwamba sarufi haina kazi. Mwongozaji anayechanganya jana na kesho atampotosha mgeni kuhusu saa ya kuondoka na siku ya kushuka. Nasema tu kwamba kuna makosa yanayomfanya msikilizaji atabasamu na kuna makosa yanayomlaza mtu mgonjwa kwenye kambi ya juu, na fomu ya alama haina budi kuyatenganisha.

Sasa suala la kujumlisha. Hapa nina msimamo mkali, na naomba msomaji anivumilie nitoke kidogo mlimani.

Tarehe 25 Januari 1990 ndege ya abiria ya Avianca, safari namba 52, ilikuwa ikitoka Kolombia kwenda New York. Hali ya hewa ilikuwa mbaya, ndege zimejazana angani, na hiyo ikazungushwa kusubiri kwa zaidi ya saa moja. Mafuta yakawa yanaisha. Marubani waliwaambia waongozaji wa ndege kwamba mafuta yanawaishia, lakini hawakutamka neno rasmi la kutangaza hatari, na walio ardhini hawakutambua ukubwa wa hatari. Ndege ikaanguka Long Island. Kati ya watu 158 waliokuwamo, 73 walikufa. Ajali kama hiyo na nyingine za namna yake ndizo zilizolisukuma shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, kuweka kipimo cha Kiingereza kwa marubani na waongozaji wa ndege, ambacho kilianza kutumika Machi 2008. Kipimo kina ngazi sita, na kinatazama mambo sita: matamshi, muundo wa sentensi, msamiati, ufasaha, ufahamu, na namna ya kujibizana. Kufanya kazi katika safari za kimataifa unahitaji ngazi ya 4.

Lililonishika ni kanuni moja ndani yake. Ngazi ya mtu haipatikani kwa kujumlisha mambo sita na kugawanya. Ngazi yake ni ile ya chini kabisa aliyoipata. Rubani mwenye ngazi ya 6 kwa matamshi na ngazi ya 3 kwa ufahamu ni rubani wa ngazi ya 3. Kwisha.

Niliposoma hayo nilimkumbuka kijana wa Rebmann. Wastani wake ulikuwa mzuri kwa sababu ulimi wake ulilipia deni la masikio yake. Katika mtihani wa shule hakuna ubaya mkubwa. Mtu dhaifu wa jiografia anaweza kujikomboa kwa historia, na maisha yakaendelea. Katika kazi ya kuongoza wageni deni la masikio halilipiwi na ulimi. Anayelilipa ni mgeni.

Tulipunguza vipengele vikabaki vinne: kuelewa, kueleweka, kuuliza tena pale asipoelewa, na adabu ya maneno. Nikapendekeza kwamba alama ya chini kati ya hizo nne ndiyo iwe alama ya mtihani. Kikao kilichofuata kilikuwa kirefu. Mkuu wa chuo alisema nitawaangusha watoto wa watu waliolipa ada kwa kuuza mbuzi na kahawa. Hoja hiyo ilikuwa na uzito na sikuipuuza. Kijana akifeli hapewi kazi, na wenye vyuo wanajua chuo chenye kufelisha hukosa wanafunzi msimu unaofuata. Tukakubaliana nusu: cheti kionyeshe alama nne, kila moja kwenye mstari wake, bila jumla. Mwenye macho atasoma. Kilichofuata ni simu za wenye kampuni wakiuliza, "Mwalimu, sasa jumla yake ni ngapi?" Wengine walitoa kikokotoo wakajumlisha wenyewe.

Kipengele cha kuuliza tena ndicho nilichokipigania kuliko vingine, kwa sababu malezi yetu yanakipinga. Mtoto wa Kiafrika aliyelelewa vizuri hamwambii mtu mzima, tena mgeni, kwamba hakusikia alichosema. Anaitikia. Darasani anaitikia mwalimu, hemani anaitikia mzungu. Kuitikia huko kunaonekana kama kuelewa, na mtahini mvivu atakupa alama. Kwa hiyo kila kadi niliyotunga niliiwekea mahali ambapo mgeni anasema jambo haraka mno au kwa neno lisilojulikana, makusudi, ili nione kama mwanafunzi atathubutu kumrudisha nyuma. Aliyesema hakuelewa, akaomba aelezwe tena, alipata alama kamili ya kipengele hicho hata kama mara ya pili napo hakuelewa. Wiki za mwanzo walidhani natania. Kufeli ukiwa umekiri hujui, ukapewa alama kwa kukiri, ni kitu ambacho hawakukizoea tangu darasa la kwanza.

Kuhusu sauti za kusikilizisha sina mengi. Kanda tulizokuwa nazo zilitoka kwa wachapishaji wa Uingereza, watu wanaotamka kama watangazaji wa taarifa ya habari. Mlimani wageni ni Wajerumani, Wapolandi, Wahispania, Wajapani, Waisraeli, Wahindi. Wengi wao Kiingereza wamejifunza kama tulivyojifunza sisi. Toleo lile la Ulaya la 2020 limekwisha kuacha kumtumia mzawa wa lugha kama kigezo cha kupimia wengine, na hakuna mahali panapofaa kufuata mfano huo kama Moshi. Tulirekodi kwa simu wageni wa kujitolea waliokuwa mjini, kwa ridhaa yao, wakieleza walivyolala au walivyokula. Mskoti mmoja alituangusha wote, walimu kwa wanafunzi, lakini tulimbakiza kwenye mkusanyo. Waskoti nao hupanda mlima.

Watahini walikuwa wawili kila mara, mwalimu wa lugha na mwongozaji mwenye uzoefu, na wote waliandika alama kabla ya kuzungumza. Tofauti zao zilinifundisha zaidi kuliko makubaliano yao. Namkumbuka binti mmoja wa Kibosho ambaye Kiingereza chake kilichechemea. Kila sentensi ilipoteza kitu njiani. Mwongozaji akampa alama za juu kwa kuelewa na kueleweka. Mimi nilikuwa chini yake kwa ngazi nzima. Tulirudia rekodi. Akanionyesha kwamba swali la tumbo binti aliliuliza kwa namna tatu tofauti, kila mara akipunguza maneno, mpaka mgeni akakosa pa kujifichia. Tangu siku hiyo rekodi ile ilikuwa ya kwanza kusikilizwa na kila mtahini mpya, pamoja na ya kijana wa Rebmann, ili tukubaliane tunatafuta nini kabla hatujakaa mezani.

Lakini waongozaji nao wana upofu wao. Wao walipenda sauti nene. Fomu yetu ya awali ilikuwa na kipengele cha kujiamini, kama fomu nyingi za vyuo zilivyo, na nilipopitia alama nikaona kwamba mabinti karibu wote walikuwa chini katika kipengele hicho. Walikuwa wanaongea polepole na kwa sauti ya chini, yaani vilevile yule mzee wa Marangu alivyosema mgonjwa aongeleshwe. Kipengele cha kujiamini kilikuwa kinapima kelele. Nilikifuta, na nawashauri wenzangu wakifute popote walipo nacho.

Ugumu upo, na mkubwa ni muda. Darasa la wanafunzi 40, kila mmoja dakika 15 kwa kuingia na kutoka, ni saa 10 za kazi, na watahini wawili wanaolipwa. Karatasi ya kurasa nne husimamiwa na mtu mmoja kwa saa mbili. Ndiyo maana vyuo vinaipenda karatasi, wala sivilaumu sana. Sisi tulipata nafuu kwa kuacha kungoja mwisho wa muhula: kila wiki wachache waliketi mezani, alama zikawekwa akiba, na anayetaka kurudia akarudia kwa kadi nyingine. Kuvuja kwa mtihani, ambako kunawanyima walimu usingizi, kukakosa maana. Kadi ya asubuhi ilikuwa kwenye WhatsApp kabla ya mchana. Basi. Tukibadilisha dalili iliyofichwa, kadi iliyovuja haikusaidii kitu. Na kijana aliyefanya mazoezi ya kadi zote zilizovuja alikuwa amefanya mazoezi ya kazi yenyewe.

Kuandika hatukukufuta. Tulibakiza ujumbe mfupi wa simu kwa ofisi kueleza mgeni aliyeshushwa: nani, wapi, saa ngapi, hali gani. Barua ya bafu la hotelini ilikwenda zake.

Waliofaidika zaidi ni wale ambao karatasi ilikuwa imewafungia mlango. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi, ambapo fundi aliyejifunzia mtaani hupimwa kwa kufanya kazi mbele ya mtahini, akapewa cheti bila kuulizwa alisoma wapi. Fundi uashi anajenga ukuta, ukuta unatazamwa. Sioni kwa nini Kiingereza cha mpagazi kisipimwe hivyohivyo. Tulikuwa na mpagazi mmoja wa makamo, mgongo umeshabeba mizigo ya kilo 20 kwa misimu mingi, ambaye kwenye mtihani wa karatasi alikuwa akitoka nje kabla ya nusu saa na kusema kichwa kinamuuma. Mezani alikuwa mtu mwingine. Dodoso linahitaji tarakimu tu, na tarakimu anazijua. Mgeni wa kadi alikuwa amepangiwa asikiri kizunguzungu kwa vyovyote. Mpagazi yule hakubishana naye. Alimwomba asimame amwonyeshe wapi alipoumia goti, akamtazama anavyotembea hatua tano, akaandika 2. Hakuna kadi iliyokuwa imetarajia hilo. Tulimpa alama zote.

Kwenu wenye kampuni za kupandisha wageni, Moshi hata Arusha: msimu wa Juni unapokaribia na vijana wamejipanga mlangoni na vyeti vyao, achaneni na jumla. Mkalisheni kijana na mgeni yeyote aliyepo ofisini kwa dakika kumi, na dodoso mkononi, kisha mwiteni pembeni mumuulize kwa Kiswahili mgeni amesema nini. Na mgeni naye muulizeni. Majibu yao yakilingana, mwajirini.